Wikendi Niliyovuka Milima Kumwona Kananu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwalimu mkuu wa shule ya Kulamawe hakuniuliza habari ya vyeti. Aliniuliza kama nimekuja na maji.

"Nimekuja na vitabu, mwalimu," nilimjibu.

"Vitabu tunavyo viwili vitatu. Maji ndiyo hatuna mpaka gari lije. Haya, leo utakunywa yangu."

Akanipa kikombe cha bati, akangoja nimalize, ndipo akanipeleka darasani. Nilikuwa msichana wa mjini, mzaliwa wa Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo. Babu yangu alikuwa askari wa mkoloni, na alipotoka jeshini akabaki Isiolo kama wenzake wengi. Baba yangu alikuwa na lori la kubeba mifugo. Nilijua Kisomali cha nyumbani, Kiborana cha sokoni na Kiswahili cha shule, lakini kufundisha Kiingereza kwa watoto ambao hawakukisikia popote nje ya darasa langu, hilo nilijifunza palepale Kulamawe.

Ninyi mnaoanza kazi sasa mna simu na mitambo. Sisi tulikuwa na azimio la kazi, yaani mpango wa muhula mzima, wiki kwa wiki, na andalio la somo, ukurasa mmoja wa kila kipindi. Mkaguzi akija, hayo ndiyo aliyoomba kwanza, hata kabla ya chai. Kisha kulikuwa na drili: mwalimu anatamka, darasa linarudia, mpaka ulimi uzoee. Watoto wa Kulamawe walipenda drili kupita kiasi. Walipiga kelele mpaka mabati yakatetemeka. Ukiuliza swali, mikono yote inapanda, wanachapa vidole, "Mimi mwalimu! Mimi!" hata wale wasiojua jibu. Nilirudi nyumbani sauti imekauka. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya ualimu, na kwamba mahali pote ni hivyo.

Nilikaa Kulamawe miaka mingi, nikaolewa na dereva wa magari ya Moyale, nikapata binti, Sofia. Sofia alikuwa darasa la pili wakati Mkuu wa Elimu wa wilaya aliponiita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mwalimu Habiba, umewahi kupanda ndege?"

"Hapana, bwana."

"Japani wanataka walimu wa Kiingereza kutoka nchi mbalimbali. Huku kwetu wanachukua wawili. Mmoja ametoka Meru. Mwingine nimekuandika wewe."

Nilipomweleza mama, aliacha kupepeta mchele. Hakuuliza Japani iko wapi.

"Huko kuna Waislamu?"

"Kijiji ninachokwenda, sijui kama wako, mama."

"Basi ukifika atakuwako mmoja," alisema, akaendelea kupepeta. Sofia akabaki kwake, maana baba yake alikuwa barabarani siku zote.

Yule wa Meru alikuwa Kananu. Tulikutana Nairobi kwenye semina ya kujiandaa. Alikuwa mnene kidogo, mcheshi, binti wa mkulima wa chai, Mmethodisti wa kwaya. Ndani ya ndege aliniambia, "Habiba, wewe utasali upande wako, mimi upande wangu, hii ndege haina njia ila kufika." Tulicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tunaumwa. Tulidhani tutakaa pamoja. Tulipofika wakatutenganisha. Yeye alipelekwa kijiji cha pwani, mimi bonde la milimani, na katikati yetu kulikuwa na treni mbili na safu nzima ya milima.

Shule yangu ilikuwa ya wanafunzi wachache, watoto wa wakulima wa mpunga na wa wakata miti. Mwalimu mkuu nilimwona tu kwenye mikutano ya asubuhi. Aliyeiendesha shule ni naibu mkuu. Katika shule za Japani, naibu ndiye wa kwanza kufungua mlango na wa mwisho kuufunga, ndiye anayejua taa gani imeungua. Huyu wetu alikuwa mzee mwembamba, mwenye kamusi ndogo ya betri mfukoni. Tukizungumza, aliitoa, akabonyeza, akasoma, akafikiri, ndipo akasema neno moja la Kiingereza. Nilijifunza kumngoja.

Kazi yenyewe ilinivunja moyo. Niliitwa mwalimu msaidizi wa lugha. Maana yake, mwalimu wa Kijapani anafundisha, mimi nasimama kando karibu na dirisha. Akifika mahali pa kusoma ananiita, nasoma, darasa linarudia kwa sauti ya chini, narudi dirishani. Nilikuwa redio. Na nikiuliza swali, hakuna mkono unaopanda. Watoto wanatazama meza. Kimya kinakaa pale mpaka mwalimu mwenzangu anajibu mwenyewe. Mimi niliyezoea "Mimi mwalimu! Mimi!" nikadhani hawanipendi. Nikadhani ni rangi yangu, au mtandio wangu, au matamshi yangu ya Isiolo.

Ikaja baridi. Sijawahi kuona baridi kama ile. Theluji ilifika kwenye kingo za madirisha. Nilivaa soksi juu ya soksi, nikatawadha kwa maji ambayo mikono iliyakataa. Kila Jumapili nilipiga simu nyumbani, na Sofia alianza kunijibu kwa ufupi, kama anavyojibu mgeni. "Ndiyo. Hapana. Nimekula." Siku aliponiita "mwalimu" kwa kukosea badala ya mama, niliweka simu chini nikajua nimemaliza.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwa naibu mkuu nikamwambia nataka kurudi nyumbani. Nilisema polepole ili asihitaji kamusi. Aliitoa hata hivyo. Akabonyeza, akaisoma, akairudisha mfukoni.

"Una rafiki hapa Japani?" aliniuliza.

"Ninaye mmoja. Yuko pwani."

"Umemtembelea?"

"Bado."

"Kesho, nenda kwa rafiki. Jumatatu, mimi na wewe, tutazungumza."

Nilikasirika kidogo. Nilitaka aniambie ndiyo au hapana. Lakini nilimpigia Kananu jioni ile nikamwambia ninakuja, na jinsi alivyosema "Njoo" ilinifanya nisahau hasira. Alisema neno hilo tu, naye ni mtu ambaye simu yake haiishi bila kicheko.

Treni ya kwanza ilikuwa behewa moja. Dereva ndiye aliyepokea tiketi, mlangoni, kwa glavu nyeupe. Ndani tulikuwa mimi, bibi mwenye figili kubwa nyeupe, na wanafunzi wawili waliolala. Tulipanda mlima, tukaingia mahandaki, tukatoka upande wa pili. Kila kituo kilikuwa kibanda tu na theluji. Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Nitamweleza Kananu kwamba ninaondoka, atacheka, atanishawishi nibaki, mimi nitakataa, tutakula samaki, basi.

Kananu alinipokea kituoni. Alikuwa amekonda. Koti lilimning'inia.

"Pole na safari, Habiba."

"Asante. Wewe unaumwa?"

"Twende nyumbani kwanza. Nimekununulia samaki. Nyama ya wasiwasi, halali au si halali, haiko kwangu."

Nyumba yake ilikuwa ndogo, ya mbao, yenye mikeka ya nyasi sakafuni. Tukavua viatu, tukaingiza miguu chini ya meza fupi yenye blanketi na joto chini yake. Nikamwandalia chai kwa maziwa ya dukani na tangawizi niliyokuja nayo. Alikishika kikombe kwa mikono miwili lakini hakunywa.

"Nilikuja kukwambia kitu," nilianza.

"Hata mimi nina kitu," alisema. "Baba amekufa."

"Lini?"

"Hata mazishi yameshapita. Kaka yangu alinipigia baada ya kumzika. Eti hawakutaka kunisumbua. Eti ningefanya nini nikiwa huku." Akaweka kikombe chini. "Habiba, kesho yake nilienda shule. Nikafundisha. Siku za juma na rangi. Watoto wakaimba, nami nikaimba. Tangu siku hiyo naenda tu. Sijamwambia mtu."

"Hata mwalimu mkuu wako?"

"Nitamwambia kwa lugha gani? Na nikisema, itakuwa kweli."

Ndipo akalia. Alilia kama wanavyolia kwetu, kwa sauti, bila kuziba mdomo. Nilimkumbatia, nikalia naye. Maneno niliyoyapanga kwenye treni yaliondoka yote. Kwetu nyumba ya msiba hujaa watu. Wanawake wanachambua mchele, wanaume wanakaa nje kwenye viti vya kuazima, mtu anakwambia kula hata kama hutaki. Pale tulikuwa wawili, na theluji inateleza kutoka paani kwa kishindo.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yake, Bi. Haruko, mjane mwenye bustani ya matunda nyuma ya nyumba. Alikuwa amesikia kilio kupitia ukuta. Hakujua Kiingereza, nasi Kijapani chetu kilikuwa cha sokoni. Alitutazama, akamtazama Kananu, akauliza neno moja: "Mama?"

"Baba," Kananu alijibu kwa Kijapani.

Bi. Haruko aliinama mpaka chini, akaondoka. Nikafikiri tumemwogopesha. Baada ya muda mfupi alirudi na sufuria ya wali wa moto na supu. Akatuwekea mabakuli, akakaa kwenye mkeka mkabala na Kananu, akasubiri. Nilielewa. Alikuwa anangoja ale. Kananu akala. Mimi mwenyewe nilikuwa sijamfanya ale.

Tulipomaliza, alituashiria tumfuate nyumbani kwake. Chumbani kulikuwa na kabati la mbao lenye milango midogo, na ndani yake picha ya mwanaume aliyevaa kofia ya uvuvi. Mume wake. Mbele ya picha kulikuwa na kibakuli cha wali, kikombe cha chai na vijiti vya ubani. Bi. Haruko akaweka kibakuli cha pili kando ya kile cha mumewe. Akamgeukia Kananu.

"Jina la baba?"

"M'Ithinji," Kananu alisema.

"Mizinji-san," Bi. Haruko alisema, kwa ile "san" ya heshima ya kwao, akaanza kuinamisha kichwa.

Sasa, mwalimu ni mwalimu. Ile sauti ya kuweka ulimi kati ya meno ndiyo iliyokuwa inatutesa madarasani kutwa kucha, maana Wajapani hawanayo katika lugha yao. Kananu, macho yamemvimba, akamshika mkono.

"Hapana, mama. Ulimi. Hapa. Kati ya meno."

Akamwonyesha. Bi. Haruko akatoa ulimi kidogo, akauma, akapuliza. "Misss..."

"Tena."

"Mizzz..."

"Taratibu. Puliza. Tena."

Nilikaa nyuma yao nikitazama. Bi. Haruko hakuona haya. Alijaribu, akakosea, akajifuta mate, akajaribu tena. Ilifika mahali Kananu akacheka, Bi. Haruko naye akacheka mpaka akashika mbavu, lakini hakuacha. Na mwisho alilitoa. Alilitamka jina la mzee wa chai wa Meru sawasawa, kama lilivyotamkwa nyumbani kwake. Kisha akageukia kabati, akagonga kikengele, akalisema tena, safari hii kwa heshima, macho amefumba.

Kananu aliimba wimbo wa kanisani kwao kwa Kimeru. Sauti yake ilirudi palepale. Mimi nilikaa pembeni kwa dini yangu. Ubani wao sikuushika, naye Bi. Haruko hakunilazimisha. Nilinyanyua mikono nikamwombea dua Kananu, apewe subira, na nyumba yao ipewe subira. Tulikuwa wanawake watatu wa dini tatu, na mzee yule akaliliwa kama inavyostahili.

Jumapili asubuhi tulikwenda pamoja nyumbani kwa mwalimu mkuu wa shule ya Kananu. Nilikuwa nimemwambia, "Mimi nitasimama na wewe, useme tu." Akasema. Yule bwana alisimama kutoka kitini, akainama. Kisha akauliza kwa nini hawakuambiwa, maana shule nzima ingekuja kumpa pole. Hakukuwa na lawama ndani yake. Alionekana kama mtu aliyeibiwa nafasi ya kufanya jambo jema. Akampa ruhusa ya kwenda nyumbani kuliona kaburi.

Kituoni Kananu aliniuliza, "Na wewe, kitu chako kilikuwa gani?"

"Kitangoja," nilisema.

"Ulitaka kuondoka. Nilijua tangu uliponipigia."

"Ulijuaje?"

"Hukuniuliza kuna baridi kiasi gani."

Treni ya kurudi ilichelewa kwa theluji. Nilipofika bondeni giza lilikuwa linaanza, na chini ya kibanda cha kituo alisimama naibu mkuu na miavuli miwili. Sikumwambia nitarudi na treni gani. Alikuwa amekuja kupokea kila moja tangu alasiri.

"Rafiki mzima?" aliuliza.

Nikamweleza. Alisikiliza bila kutoa kamusi. Tukatembea hadi karibu na nyumba yangu, ndipo akasema, kwa Kiingereza alichokipanga njia nzima nadhani, kwamba alipokuwa kijana alipelekwa kufundisha kisiwani. Mke wake alibaki huku. Mtoto wao alizaliwa, akatembea, akasema maneno ya kwanza, yeye hakuwepo.

"Nilikuwa mwalimu mbaya kule," alisema. "Nilikuwa nafikiri watoto wananichukia. Hawakunichukia. Waliogopa kukosea mbele ya mgeni."

"Ukafanya nini?"

Hapo ndipo alipotoa kamusi. Akabonyeza, akanionyesha neno kwenye kioo chini ya mwavuli. Lilikuwa neno lenye maana ya kukosea. Akajinyooshea kidole kifuani. "Mimi kwanza."

Jumatatu sikwenda ofisini kwake kuzungumza habari ya kuondoka, naye hakuniita. Niliingia darasani nikasoma ukurasa wa kitabu chao cha Kijapani. Nilisoma vibaya sana. Kukawa kimya, kisha msichana wa mbele akaziba mdomo kwa mkono, kisha akashindwa, akacheka, akanirekebisha neno. Nikalirudia. Nikakosea tena. Mkono mwingine ukapanda. Kabla ya kengele nilikuwa na darasa zima la walimu wangu, na kipindi kilichofuata wao wakawa tayari kukosea mbele yangu. Hawakuwahi kupiga kelele kama wa Kulamawe. Lakini nilijifunza kuuliza swali na kungoja, kuhesabu pumzi zangu, na jibu lilikuja.

Kananu alikwenda nyumbani na hakurudi Japani. Mama yake alibaki peke yake na shamba, kwa hiyo Kananu akaomba kuhamishiwa shule ya karibu. Sikumlaumu. Mimi nilimaliza mkataba. Mara moja kwa mwezi niliendelea kuvuka ile milima kumtembelea Bi. Haruko. Tulikaa chini ya blanketi, tukamenya matunda, tukaambiana mambo ambayo nusu yake hakuna aliyeyaelewa. Na Sofia nilimwambia kwenye simu anifundishe mchezo wa kuruka kamba walioanzisha shuleni kwao, hatua kwa hatua, nikauruka chumbani huku yeye akisikiliza. Akaanza kusema tena. Siku niliyorudi aliniita mama mbele ya uwanja mzima wa ndege, akalala mapajani mwangu mpaka Isiolo.

Baada ya hapo nilipelekwa Korbesa, kwanza naibu, kisha mwalimu mkuu. Korbesa ni mbali, na wakati ule barabara ya Merti ikinyeshewa, ilikuwa imekwisha. Waliletwa kwangu walimu vijana kutoka Kisii, Kakamega, Machakos, wasiojua Kiborana wala kunywa maziwa ya ngamia. Nilipanga ratiba ili Ijumaa mchana atakayetaka aweze kuwahi gari, aende kumwona mwenzake shule nyingine. Mkaguzi mmoja, bwana wa sauti nzito, alikuja akaona nyumba za walimu zimefungwa Jumamosi.

"Mama mkuu, mbona walimu wako wanaondoka kila Ijumaa?"

"Ndiyo maana wanarudi Jumatatu, bwana mkaguzi."

Alitaka kuandika jambo, kisha akaangalia orodha ndefu ya waliohama shule za jirani, kwangu hakuna hata mmoja, akafunga kalamu. Akaomba chai.

Sasa nimestaafu. Ninaishi Bulla Pesa, karibu na nyumba niliyozaliwa. Watu wananiuliza kama ninaitamani kazi. Chaki siitamani, kifua changu kinashukuru. Ninachotamani ni sauti ya darasa dakika ile swali limeulizwa na jibu halijaja. Zamani niliiogopa dakika hiyo nikaijaza maneno yangu. Siku hizi najua kwamba mtoto yuko ndani yake anafanya kazi, na mtu mzima pia. Kananu naye amestaafu. Anashuka kutoka Meru na mkungu wa ndizi, mimi ninapanda na maziwa, na tukikaa pamoja hatuzungumzi habari za Japani sana. Tunazungumza magoti yetu.

Ijumaa iliyopita alikuja kwangu mwalimu msichana aliyepangiwa Kulamawe muhula huu, mtu wa Nyamira. Mama wa dukani ndiye aliyemwelekeza. Alisimama mlangoni na begi, midomo imepasuka kwa upepo.

"Habari, mama. Nimeambiwa naweza kulala hapa."

"Karibu. Ingia ndani."

"Mama, mimi hii kazi—"

"Vua viatu kwanza, mwanangu. Kula."

Alikula, akaoga, akaanza kunieleza, na katikati ya sentensi usingizi ukamchukua pale kwenye mkeka. Nilimfunika shuka. Jumamosi jua lilikuwa limeshapanda naye bado amelala, uso umelegea kama wa mtoto. Mbuzi wa jirani walikuja kulia mlangoni wakitaka maganda. Nikatoka na fimbo, nikawafukuza taratibu mpaka mwisho wa uchochoro, nikakaa hapo kwenye jiwe nikiwazuia wasirudi kumwamsha.